Malalamiko juu ya Damu ya Sultana na Uhuru wa Kunguru

Mtaa wa Waswahili, Kisenyi
Tarehe 1 Machi 1957

Kwa Bwana Daktari wa Mifugo,
Kisenyi.

Bwana Daktari,

Nakuandikia mwili wangu ukiwa mzima, ila roho haijapona tangu mwezi uliopita. Mimi ni Kadiri bin Faradji, fundi wa cherehani mwenye kibaraza karibu na msikiti. Huenda hunijui kwa sura, lakini mgongo wako unanijua: koti lako la kaki lilipopasuka mwaka jana kwenye safari ya Busasamana, aliyelishona ni mimi. Hata koti jeupe la msaidizi wako, Bwana Wellars Habiyaremye, nililishona mimi, na ndiyo maana uchungu wangu ni mkubwa. Aliyenitendea haya alinitendea akiwa ndani ya kazi ya mikono yangu.

Jumanne tarehe 5 Februari, Bwana Wellars aliingia mtaani kwetu na kisanduku cha mbao, kigae cheupe, sindano, na chupa ya dawa ya zambarau. Alisema vifaranga wa Rugerero wanakufa kwa kuhara kitu cheupe, kwa hiyo kuku wote wa mjini watapimwa damu. Mimi ni mpenda serikali. Nikawatoa kuku wangu saba bila kulazimishwa, nikawapanga kwa umri.

Alimshika mmoja mmoja, akamchoma mshipa chini ya bawa, akachukua tone la damu na kulichanganya na tone la dawa juu ya kigae, kisha akakitikisa taratibu huku anatazama saa. Damu ya kuku sita ilibaki laini. Ya wa saba ikagandamana vipunje vipunje, kama uji uliopikwa na mwanamume.

Wa saba ni Sultana.

Sultana ni kuku wa mke wangu, Saidati. Kuku huyo aliletwa na marehemu mama yake Saidati, akiwa kifaranga ndani ya kikapu cha viazi, mwezi mmoja kabla ya mama huyo kufariki. Saidati hana kitu kingine cha mama yake kinachopumua. Bwana Wellars aliyajua hayo, maana aliambiwa pale pale. Akajibu: "Mzee Kadiri, unisamehe. Hii kuku iko na mikrobi. Ye mwenyewe haisikie kitu, lakini anaiweka mu mayai. Lazima iuawe, ichomwe moto. Nyama musikule, na mayai yake musilalishe."

Nilimwomba aniachie nitekeleze hukumu mwenyewe, kwa ajili ya machozi ya mke wangu. Akakubali. Akamfunga Sultana uzi mwekundu mguuni, akaenda zake. Malalamiko yangu yanaanzia hapo, nami nayapanga kwa hesabu ili yasikuchoshe.

1. Haraka ya hukumu. Mwaka wa juzi nilikuwa na shauri barazani kuhusu ukuta. Lilichukua miezi saba, na mimi nilikuwa na kosa la wazi. Sultana, ambaye hajajenga ukuta wowote, alihukumiwa kufa kwa dakika mbili, bila shahidi na bila kuulizwa kwao ni wapi.

2. Ugonjwa wenyewe haupo. Sultana anakula, anataga, na anafukuza paka. Nilimwuliza Bwana Wellars, "Ugonjwa usioonekana wewe umeuonaje?" Akasema, "Mu damu, Mzee." Bwana Daktari, damu ni mambo ya ndani ya nyumba. Kila mtu wa Kisenyi akihukumiwa kwa yaliyomo damuni mwake, nani atabaki wa kufungua duka asubuhi? Maoni yangu ni kwamba damu ya Sultana iligandamana kwa hasira. Kuku mwenye heshima yake kashikwa miguu hadharani. Wewe ungekuwa yeye, damu yako ingekuwaje?

3. Aibu. Upimaji ulifanyika mbele ya jirani yangu Xavérine Mukandutiye, muuza samaki, mwanamke mwema mwenye sauti iliyozoea kushindana na mawimbi. Akapiga kelele, akiniita kwa jina la mwanangu: "Yebaba we! Kumbe kuku ya baba Rehema iko na mubaya ndani!" Habari ilifika sokoni kabla Bwana Wellars hajafunga kisanduku chake. Tangu siku hiyo watu watatu wamekataa chai nyumbani kwangu, ingawa chai haitagwi.

4. Uzi. Sitasema mengi. Ulikuwa uzi hafifu, na fundo lake lisingefunga hata gunia.

5. Upendeleo. Nilimwambia Bwana Wellars kwa upole kwamba nina hakika bata mzinga wa yule mzungu mwenye shamba la kahawa hawatachomwa sindano kamwe. Akanijibu kwamba walipimwa wao wa kwanza, na kumi na mmoja wameshachomwa moto. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kumbe hata katika ugonjwa sisi tumewekwa nyuma!

6. Kunguru. Hili ndilo jambo kubwa, na nakuomba ukae kitako.

Mimi nikitaka kuvuka mpaka kwenda Goma na kuku mmoja, naulizwa cheti, na cheti kinaulizwa mhuri. Kunguru anaamkia Goma, anakula matumbo ya samaki Kisenyi, anashinda Nyakiriba, na hakuna anayejua anakolala. Hana cheti, halipi kodi, hana chifu. Vivyo hivyo wale ndege weusi wa ziwani wanaokausha mabawa juu ya mawe. Vivyo hivyo korongo wanaotoka nchi ambazo hata wewe, pamoja na elimu yako, hujafika. Ugonjwa ukiingia Kisenyi, umeletwa na nani? Na Sultana, ambaye hajawahi kuvuka barabara? Au na hao wasafiri?

Kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, nilifanya uchunguzi. Tarehe 12 Februari nilitega tenga kwenye mchanga wa pwani, nikaweka matumbo ya samaki chini yake, nikamnasa kunguru mmoja mwenye mwenendo wa kutia shaka. Nikamfunga katika kipande cha kaniki na kumpeleka ofisini kwako. Wewe ulikuwa Busasamana. Bwana Wellars alikuwapo, na watu watatu walikuwa wamepanga foleni na kuku wao mikononi.

Nikasema, "Bwana Wellars, haki ni msumeno. Mpime na huyu."

Nakiri hakucheka. Alimtazama kunguru, akanitazama mimi, akasema, "Bon. Tupime." Akakunjua bawa, akamchoma. Kunguru, badala ya kutulia kama Sultana alivyotulia, alimdonoa Bwana Wellars kidole, akapiga chupa teke, akaruka juu ya makabati, akatokea dirishani kuelekea Goma. Dawa ya zambarau ilimwagika juu ya meza, juu ya vitabu vyako, na juu ya kanzu yangu ya Ijumaa. Yule mama wa Rugerero aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alirudi kwao na jogoo wa rangi ambayo Mungu hakuiumba.

Bwana Wellars aliwaambia waliobaki kwenye foleni warudi makwao, kwa kuwa dawa nyingine itachukua wiki mbili kufika. Kisha akanambia, "Mzee, ile chupa ilikuwa ya Rugerero yote." Mimi nauliza: ofisi ya serikali inawezaje kuweka Rugerero yote ndani ya chupa moja isiyo na kizibo? Na zaidi ya hapo: asiye na hatia hakimbii kipimo. Kunguru alikimbia. Kwangu mimi hayo ni majibu tosha ya maabara.

7. Ushahidi ulio hai. Sasa nafunua kile nilichokuwa nimekihifadhi. Sultana hakuuawa.

Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Siku ile ile ya hukumu nilimfungua uzi, nikampeleka kwa Xavérine pamoja na mayai yake kumi na manne. Xavérine alisita. Akaniuliza, "Baba Rehema, una hakika ni muzima?" Nikamwambia, "Mzima kuliko mimi." Tulikubaliana kwamba vifaranga tutagawana nusu kwa nusu, kwa kuwa binti yake Béata, aliyeolewa Nyakiriba, anakaribia kujifungua, na mama anataka kumpelekea kuku wa kumrudishia nguvu. Tayari Xavérine alikuwa na vifaranga tisa wa kuku wake mwenyewe, kuku ambaye Bwana Wellars alimpima na kumsifu. Akaona wakiongezeka, Béata atakula hadi arobaini ya mtoto.

Jana, siku ya ishirini na tatu, Sultana ameangua vifaranga kumi na wawili. Nimewahesabu mara tatu. Wanalia, wanakimbia, wanapanda mgongo wa mama yao. Saidati alipowaona alikaa chini kwenye majani akawashika mmoja baada ya mwingine, na nilisikia akimwita mama yake kwa sauti ndogo. Je, ugonjwa unaweza kuzaa kitu kama hicho?

Kwa hiyo, Bwana Daktari, naomba mambo manne tu, na sidhani yanazidi kiasi:

Kwanza, Sultana apewe cheti chenye mhuri kwamba damu yake ni safi, kisomwe kwa sauti mbele ya Xavérine, ambaye ataifikisha habari penye kustahili.

Pili, ndege wote wasio na mwenyewe, kuanzia ukingo wa ziwa mpaka miguuni mwa milima ya moto, waitwe, wapimwe, na walio safi wafungwe uzi mweupe. Watakaokataa kuitika wahesabiwe wagonjwa.

Tatu, kwa kuwa kazi hii inataka mtu mwenye uzoefu wa kunasa kunguru, na mwenye nyuzi zake mwenyewe, sitakataa nikiteuliwa.

Nne, Bwana Wellars ahamishiwe mahali pasipo na kuku. Nimesikia kwamba juu kabisa ya Nyiragongo, ukingoni mwa moto, hakuna hata mmoja.

Nakusalimu wewe, madamu wako, karani wako, dereva, mlinzi wa lango, na mbwa wa mlinzi, ambaye siku ya kunguru alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Bwana Wellars naye msalimu, ila kwa kipimo.

Ni mimi, mtu wako mtiifu hata katika kuudhika,

Kadiri bin Faradji
Fundi wa nguo za kike na za kiume

NYONGEZA. Tarehe 6 Machi.

Bwana Daktari, barua hii ilichelewa kwa sababu nilikuwa nainakili upya kwa mwandiko wa kuvutia. Laiti ningeituma na madoa yake.

Jumapili vifaranga wawili wa Sultana walisinzia juani, mabawa yamelegea, nyuma yao pameziba kwa kitu cheupe kama chokaa. Nilisema ni baridi ya ziwa. Hadi jioni walikuwa wamekufa. Xavérine akawatupa kwenye jalala la pwani, na asubuhi mimi mwenyewe, kwa macho yangu, niliona kunguru akimchukua mmoja na kuruka naye upande wa Rugerero. Nilisimama pale nikamtazama mpaka alipopotea. Yeye hakutuletea kitu. Sisi ndio tuliompa.

Mpaka jana wa Sultana wamekufa kumi. Wa Xavérine, waliokuwa safi, waliotoka kwa kuku aliyesifiwa, wamekufa saba. Nilimkuta amepiga magoti karibu ya kikapu cha vifaranga. Yule mwanamke ambaye sauti yake inafika katikati ya ziwa alisema polepole sana, "Uliniambia ni muzima."

Aliyekwenda kumwita Bwana Wellars si mimi. Ni Saidati. Alitoka bila kuniaga, akarudi naye. Nilijiandaa kutukanwa, nikawa nimeshapanga majibu. Bwana Wellars hakunitukana. Aliuliza, "Wamebaki wangapi?" Akavua koti jeupe, akachimba shimo refu nyuma ya nyumba ya Xavérine, akawachoma wafu na walio hai wote wa kikapu kile, akamwaga chokaa, akafukia, ili kunguru wasifukue. Akamwonyesha Xavérine jinsi ya kuchoma majani ya kiota na kuosha banda kwa maji ya moto. Akasema kuku wakubwa wa pale wasitoke, mayai yao yasilalishwe, atarudi kuwapima tena baada ya wiki tatu, maana damu haisemi siku ile ile.

Sultana alishikwa na Saidati mwenyewe mpaka mwisho. Alimkataza Bwana Wellars asimfunge uzi. Mimi nilishika kuni.

Kuku wetu sita walibaki kwetu siku zote hizo, hawakukanyaga kwa Xavérine. Bwana Wellars amewapima leo tena kwa dawa mpya, nao ni safi. Saidati amechukua wawili walionona kuliko wote, na sasa hivi wako njiani kwenda Nyakiriba kwa Béata pamoja na Xavérine. Sikuulizwa, na sikustahili kuulizwa.

Nilitaka kuichana barua hii. Saidati amekataa. Amesema, "Uongo umeuandika kwa wino, na toba uiandike kwa wino, kwenye karatasi ile ile." Kwa hiyo inakufikia nzima. Naomba ufute namba ya kwanza hadi ya saba, na maombi yote manne. La nne ulifute mara mbili. Usimhamishe. Na watu wa Rugerero wapelekewe chupa yao kabla ya mtaa mwingine wowote. Nitaibeba mimi mwenyewe, ikiwa imezibwa.

Bwana Wellars amesimama mlangoni ananisubiri, kwa sababu yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Ameniuliza kama humu ndani nimemtaja. Nimemwambia nimemtaja mara nyingi.