Alama Chini ya Pipa

Suti alisoma tangazo mara mbili, na huyu si mtu wa kusoma. Lilikuwa limebandikwa kwenye geti la kiwanda cha mvinyo. Jumamosi wanafungua makumbusho ya urithi, na humo humo wachoraji wa mtaani wataonyesha kazi zao. Wanatafuta vifaa vya zamani, vya enzi zile zabibu zilikanyagwa kwa miguu. Chini kabisa: zawadi nono.

Vifaa vya zamani Suti hakuwa navyo. Alikuwa na suti moja, mdomo, na mama mkwe aliyekwenda kwa dada yake mpaka Jumatatu. Nyuma ya nyumba ya huyo mama, ambako yeye na mkewe walikuwa wanakaa bure miezi minane sasa, kulikuwa na nusu pipa la mbao la kufulia nguo. Mama mkwe alishasema wazi: kitu kimoja tu kikipotea humu, wewe na suti yako mtatafuta pa kulala.

Lakini Suti alishajipanga. Jumamosi anauza, Jumapili seremala anachonga lingine, Jumatatu mama anafua. Nani anaangalia pipa la kufulia mara mbili?

Shida ni kwamba pipa lilikuwa jeupe kwa sabuni. Akachemsha bitiruti, akalipaka mpaka likawa zambarau kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi.

"Hili alikanyagia babu yangu," alimwambia mama mwenye kiwanda Jumamosi asubuhi, sauti imeshuka kama yuko msibani. "Amekufa akilitaja."

"Alisemaje?"

"Alisema... pipa."

Mama mwenye kiwanda akapitisha kidole kwenye ile rangi, akalamba. Watu wa mvinyo wanalamba kila kitu, hilo Suti hakulijua.

"Mh. Mvinyo wa mwaka mzuri," akasema. Kisha akalipindua pipa, akaangalia chini yake kwa muda, akatabasamu. "Ukoo wenu tunautafuta siku nyingi. Ngoja nipige simu kuhusu zawadi yako. Ila wageni watataka kuona mjukuu akikanyaga. Babu alikufundisha?"

"Kabla sijajua kutembea," akasema Suti, maana mdomo wake haujawahi kumuuliza kitu.

Pipa likapelekwa bombani kuoshwa, bitiruti yote ikateremka mferejini. Zabibu zikamwagwa. Suti akakunja suruali, akaingia. Wageni wakasogea na glasi zao, wachoraji wakaanza kumchora. Akateleza, akakaa kitako kwenye zabibu.

"Hiyo ni staili ya ukoo," akawaambia. Wakampigia makofi.

Saa nzima baadaye, mapaja yanawaka moto, gari la kiwanda likasimama mlangoni. Akashuka mama mkwe. Mama mwenye kiwanda akamkimbilia, wakakumbatiana kama mtu na dada yake.

"Zamani," akawaeleza wageni, "kila mkanyagaji alichonga alama yake chini ya pipa, wasigombanie mapipa. Hili lina samaki. Samaki ni wa huyu mama. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyemfikia. Alipostaafu tukampa pipa lake aende nalo."

Miezi minane Suti amekula kwa huyu mama, na hata siku moja hakumuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Kapaka uongo juu ya kitu cha kweli.

Bahasha nene ya zawadi ikaenda kwa mama mkwe. Akaitia kwenye pochi, akaja mpaka kwenye pipa.

"Kumbe babu yako ni mimi."

"Mama, naomba nieleze."

"Eleza huku unakanyaga." Akamgeukia mama mwenye kiwanda. "Atakuja kila Jumamosi. Kulala analala kwangu, usimlipe."

"Na nikikataa?" Suti akauliza, taratibu.

"Begi lako liko ndani ya gari, nimepitia nyumbani. Mkeo kalifunga mwenyewe."

Suti akaangalia gari. Akaangalia miguu yake, ya zambarau mpaka magotini, rangi ambayo sabuni haiitoi mwezi mzima.

"Usitikisike, kaka," mchoraji mmoja akasema. "Nimefika kwenye uso."

Mama mkwe akavuta kiti, akavua viatu, akapewa glasi. Akamtazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Unakanyaga kama kuku. Kisigino, baba. Tumia kisigino."

Suti akatumia kisigino.