Kisahani Kilichokataa Kusimama

Leo nimejianika mwenyewe mbele ya ploti nzima, saa nne asubuhi, nikiwa na kalamu mkononi. Nawaandikia kutoka saiba ya intaneti hapa Kayole kwa sababu uso wa kurudi nao nyumbani bado sijaupata.

Nianze na nyinyi, Njoki na Kim, kwa maana makosa ni yenu pia. (Ni yangu. Lakini niacheni nianze hivyo.)

Mnakumbuka niliwaandikia wiki iliyopita kwamba binamu yangu Ochieng ananiachia mashine yake ya gemu hadi kesho Jumapili, pamoja na sidii zote nne za Bibi wa Taa. Ule mchezo wa kutisha, ambamo kizee mwenye taa anakusaka ndani ya jumba bovu, na ambao wamekuwa wakiutoa sehemu baada ya sehemu tangu tukiwa sekondari. Ya nne ndiyo mpya na kila mtu anaisifu. Swali lilikuwa: kabla ya kuigusa hiyo, nicheze ipi kati ya zile tatu za zamani? Muda wa kuzimaliza zote sikuwa nao. Njoki akasema nianze na ya kwanza. Kim akasema vivyo hivyo. Nikawajibu kwa barua ya kurasa mbili. Nikauliza ni nani aliyeamua kwamba mwanzo ni lazima uje mwanzo. Nikasema kufuata namba iliyoandikwa kwa kalamu juu ya sidii ni ushirikina. Nikahitimisha kwamba ya kwanza ina picha mbaya, ya tatu imeiga ya pili, kwa hivyo mtu anayefikiri anacheza ya pili.

(Sikuwa nimecheza hata moja.)

Jumanne nikaweka ya pili. Jamani, ni tamu. Tatizo lilikuwa moja tu: Ochieng alibaki na memori kadi, kwa sababu ndani yake kuna ligi yake ya mpira na hamwamini mtu nayo. Bila hiyo kadi mchezo hauhifadhi chochote. Ukizima mashine, unarudishwa getini kwa bibi, mikono mitupu, kama hukuwahi kuishi.

Kwa hivyo sikuzima. Tangu Jumanne. Nikitaka kulala, au kutoka kwenda kutafuta kazi, nabonyeza kitufe cha kusimamisha, napunguza mwanga wa TV hadi kioo kinakuwa cheusi, halafu nafunika vyote viwili kwa kile kitambaa cha kufuma alichonipa mama. (Swichi ya TV yangu ilikufa zamani. Kuizima ni kuchomoa plagi, na plagi ni moja kwa TV na mashine.) Jana jioni nilikuwa nimefika ghorofa ya mwisho. Ulibaki mlango mmoja.

Sasa mambo ya ploti. Tuko vyumba tisa, mita moja. Mwenye nyumba anaruhusu taa, redio, na TV ukiwa ndani. Pasi na jiko la koili ni marufuku. Leo asubuhi msimamizi wetu, Mzee Mutiso, ametuita sote uani. Akasema stima imeliwa kupita kiasi wiki hii, na mwenye nyumba ameapa kwamba asipojulikana anayeimaliza kufikia saa sita, anaikatia ploti nzima. Na huyo mtu, akipatikana, atahama.

Watu wakamgeukia Mama Brayo wa chumba cha tano, anayepika chapati za kuuza. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyegeuka kwanza. Tangu juzi, minong'ono ya stima ilipoanza, nimekuwa nikimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba chapati nyingi namna ile haziwezi kutoka kwa makaa. Mama Brayo ameishi hapo miaka sita. Akanitazama kwa utulivu.

"Kijana, mimi natumia makaa. Moshi si unaingia kwako kila siku?"

"Mama, tusibishane," nikamwambia. "Tupime."

Watu walilipenda hilo neno. (Mimi nililipenda zaidi.) Nikawaeleza: kila mtu azime kila kitu, halafu tuangalie kile kisahani kinachozunguka ndani ya mita. Kikisimama, hakuna mkosaji. Kikiendelea, kuna kitu kinawaka mahali, na tutaingia chumba baada ya chumba hadi tukipate. Mzee Mutiso akauliza kama na mimi nitakaguliwa. Nikajibu kwamba ukweli hauna upendeleo. Nikachukua daftari nikaandika majina yote. La Mama Brayo la kwanza. Langu la mwisho, kwa adabu.

Kila mtu akaingia kwake kuzima. Mimi nikazima taa, nikazima redio, nikakitazama kile kitambaa. Hapa naomba mnihukumu kwa haki, kwa sababu nilifikiri. Nilijiambia: mchezo umesimama. Kitu kilichosimama hakili stima.

(Shahada ya falsafa. Miaka minne.)

Tukakusanyika kwenye mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka. Taratibu, bila haya, na kila mara alama yake nyekundu ilipopita ilikuwa kama inanipungia mkono. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyejua, "Mnaona?"

Tukaanza na Mama Brayo. Mzee Mutiso aliingia hadi chini ya kitanda. Akatoka na jiko la makaa, nusu gunia la makaa, na vumbi la makaa kwenye nyusi. Koili hakuna. Waya hakuna. Mama Brayo akaniomba nitie alama kwenye daftari langu. Nikatia.

Tukaingia cha kwanza. Tukaingia cha pili, kwa Baba Kevo ambaye ni bawabu na alikuwa ametolewa usingizini. Tukiwa cha tatu, akili ikanijia, polepole, vile yule bibi anavyokuja: kwanza mwanga, halafu miguu.

Nikapiga hesabu haraka. Nikikimbia kuchomoa plagi, kisahani kinasimama na hakuna atakayejua. Lakini nitapoteza siku nne na ule mlango wa mwisho. Na Mama Brayo atabaki yule mwanamke anayesemekana ana koili mahali. Basi nikafanya kama msomi: sikufanya lolote. Tulipomaliza chumba cha nane nikasema nadhani ushahidi umetosha.

"Limebaki jina moja, daktari," Mama Brayo akasema.

Nikasema ufunguo wangu umepotea.

"Unauzungusha kidoleni."

Wakaingia, wote walioweza kutoshea. Halafu wakasikia mvumo. Mama Brayo akaweka kiganja juu ya kitambaa cha mama yangu.

"Hiki kitambaa kina homa," akasema, akakifunua.

Mzee Mutiso akazungusha kile kidude cha mwanga. Ukumbi ukatokea, na ule mlango. Mama Brayo akaiokota padi ya kuchezea aisogeze kando, na kidole gumba chake kikafanya nilichokuwa nimekiogopa. Mchezo ukaamka. Mwanga wa taa ukaingia ukumbini, bibi akaguna, nami nikasahau niko wapi.

"Kimbieni kushoto!"

Nilikuwa nasema na Mama Brayo na yule mtu wangu wa ndani ya TV. Lakini nusu ya ploti ilikimbia kushoto. Kushoto ni kitanda changu. Kitanda kikavunjika. Baba Kevo, anayelinda ghala zima peke yake, alipita mlangoni bila kugusa kizingiti. Mtu wangu akaliwa. Mzee Mutiso akachomoa plagi.

Kutoka uani, sauti ya mwanamke aliyebaki kwenye mita: "Kimesimama!"

Nikamwambia Mama Brayo mbele ya wote kwamba mashine imewaka tangu Jumanne, kwamba nilimsingizia, na kwamba naomba msamaha. Akahesabu kwa vidole.

"Siku nne?"

"Siku nne, mama."

"Na hukumaliza?"

"Ulibaki mlango mmoja."

Akacheka hadi akakaa juu ya kile kilichokuwa kitanda. Kicheko chake kikaambukiza hata Mzee Mutiso, ambaye alinituma kwa mwenye nyumba nikakiri kwa mdomo wangu. Nimekiri. Stima haikatwi, na sihamishwi, kwa sababu Mama Brayo aliniombea mwenyewe. Hukumu yake ni kwamba kwa kuwa stima ya ploti imecheza bila ploti, leo saa nane TV inatoka hadi mlangoni kwake na kila mtu atatazama.

Nikaanza kumweleza kwa nini sehemu ya pili ndiyo bora.

"Tunaanza na ya kwanza," akanikata. "Huyo mama mwenye taa alikasirishwa na nini? Mimi siwezi kuingilia ugomvi wa watu katikati."

Swali hilo nalitafutia jibu tangu saa tano.

Njoki, Kim, tukikutana msinicheke. Semeni tu "tulikuambia", mara moja, halafu mniazime memori kadi.