Tabaka la Bwambale

Jumatatu, 10 Juni 2024
Kasese. Mwanajiolojia wetu, Madam Komuhangi, anaandika orodha mpya ya matabaka ya miamba ya Uganda nzima. Mimi humbebea nyundo na mawe. Leo ametangaza kwamba tabaka la kijivu la kule Bwera bado halina jina. Ni mimi niliyeliona kwanza, nilipochepuka kujisaidia! Tabaka la Bwambale! Kaka yangu Mumbere alirithi shamba la kahawa la baba. Mimi, mtoto wa pili, nilirithi mwavuli. Sasa tutaona.

Jumanne, 11 Juni
Pigo. Madam anasema mwamba haupewi jina la mtu. Hupewa jina la mahali unapoonekana vizuri. Turyamureeba, dereva wetu, alicheka mpaka akakohoa. Eti nijaribu kugeuka kilima. Mshenzi! Ila amenipa wazo. Kama jina la mtu halifai, basi nitafute mahali penye jina langu. Hapapo? Nitapatengeneza.

Jumatano, 12 Juni
Nimechora ubao kwa rangi nyekundu: KARIBU BWAMBALE. Nimepanda boda mpaka Bwera, nikaupigilia misumari kwenye mti ulio juu ya tabaka lenyewe. Chini yake kuna shamba la karanga. Hapakuwa na mtu. Kazi safi kabisa.

Ijumaa, 14 Juni
Balaa! Shamba ni la mjane mmoja, Musoki. Kaona ubao, kadhani kuna Bwambale anayetaka kumnyang'anya ardhi. Kaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, panga mkononi. Tulipofika na Madam kupima mwamba, tukakuta mkutano. Mwenyekiti akaamuru Bwambale asimame. Wakasimama kumi na saba! Nilisahau kwamba huku karibu kila mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale. Wote wakaapa kwamba hawaujui ubao. Mimi nilibaki nimekaa. Turyamureeba akanyooshea kidole kucha zangu, nyekundu bado.

Musoki alinitazama kuanzia viatu. "Huyu mutu iko na akili kweli?"

Niliomba msamaha kwa magoti. Kisha Madam, kalamu tayari, akawauliza wazee mahali hapo panaitwaje. Wakajibu kwa pamoja: kwa Musoki, tangu zamani. Akaandika. Tabaka la Musoki! Na huyo mama kwao ni binti wa kwanza. Wazaliwa wa kwanza wamenionea maisha yangu yote.

Jumatatu, 17 Juni
Nimewaza siku mbili nzima. Musoki ni mjane. Nikimuoa, pale patakuwa kwa Bwambale, na orodha bado haijachapishwa! Nimempelekea sukari kilo mbili. Kaipokea, kanipa jembe. Nimepalilia mistari minane ya karanga. Mgongo hoi. Mwenye boda mmoja alipita, akanisalimu, "Bwana Musoki, habari ya kazi?" Nikamjibu nzuri. Mambo yameanza kuiva.