Sheria Ndogo ya Supu ya Zambarau

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Wilaya ya San Hilarión de Yanapata walitangaziwa, kupitia kipaza sauti kilichofungwa kwenye mnara wa kanisa, kwamba wilaya yao ilikuwa imepata supu. Waliombwa wapokee habari hizo kwa utulivu. Waliombwa pia Jumapili wafike darajani wakiwa wamevaa vizuri, wapige makofi pale watakapopewa ishara, na wasije na vijiko vyao.

Mwenye sauti alikuwa Teobaldo Ninahuanca, Kaimu Mkuu wa Idara ya Mapishi, Mila na Mengineyo. Alikuwa kaimu tangu enzi zile nywele zake zilipokuwa bado zinahitaji kitana. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu hata kuku. Yanapata ukivaa tai wewe ni daktari, ukivaa kofia ngumu wewe ni injinia, na ukivaa vyote viwili wewe ni mgombea.

Ni lazima ieleweke kwamba hali ilikuwa mbaya. Wilaya jirani ya Pucaloma ilikuwa imeshasajili simbilisi wake wa kukaanga kuwa urithi, kisha viazi vyake vya jibini, kisha, kwa ujeuri usio na mfano, upepo wake wa alasiri. Upepo wenyewe hupita Yanapata kwanza ndipo ufike Pucaloma, lakini hakuna aliyekumbuka kuujazia fomu. Meya, Don Fulgencio Baquerizo, alitokwa na machozi mbele ya kikao.

"Daktari," alimwambia Teobaldo, "nitafutie mlo wa mababu. Ukiupata, neno 'kaimu' nalifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Usipoupata, nafuta yaliyobaki."

Teobaldo akazunguka mitaani akinusa. Kila dirisha alilochungulia lilimpa harufu ya tambi za dukani. Alipofika nyumba ya mwisho, ile inayotazama korongo la mto, pua ikamsimamisha. Ndani, Doña Saturnina Ccallo alikuwa wima mbele ya jiko, mkono mmoja una mwiko, mwingine una pedi ya gemu, macho yako kwenye televisheni. Katika sufuria lake kubwa kulikuwa kunatokota kitu cha rangi ya zambarau.

"Bibi, kushoto! Kushoto, utaanguka!" televisheni ilipiga kelele kwa sauti ya mtoto wa kike.

"Subiri, mama yangu, viazi vinashika chini."

"Hodi," alisema Teobaldo.

"Karibu, Daktari. Angalia waya huo."

Mwenye sauti alikuwa mjukuu wake, Maricielo, anayeishi na baba yake ng'ambo ya mto. Zamani Doña Saturnina alikuwa akienda kumwona kila siku kwa daraja la kamba. Kisha serikali ikalikata, ikawajengea daraja la kisasa, na tangu wajengewe daraja hawakuonana tena.

Hilo lilikuwa na sababu yake nzuri. Daraja lilikuwa limekamilika kwa kila jambo isipokuwa kuvukwa. Lilimngoja waziri aje alifungue, na mawaziri walikuwa wakibadilishwa kabla jiwe la msingi halijamaliza kuchongwa majina yao. Manispaa haikulala: kila utepe ulipopauka, ilifunga utepe mpya. Mlinzi, Ceferino, alisimama pale usiku na mchana kuhakikisha daraja halitumiki vibaya, yaani halitumiki. Aliyekuwa na safari alizunguka kwa barabara ya juu mlimani, nusu siku nzima, na chakula alichobeba kilifika kimeganda mafuta.

Basi bibi na mjukuu wakawa wanakutana kwenye gemu ya "Milima Saba". Huko kila jioni walivuka.

"Hii ni supu gani, mama?" Teobaldo aliuliza.

"Ya kwenye gemu hiyohiyo, Daktari. Jumapili Maricielo anatimiza miaka kumi. Kakataa keki, anataka supu ya zimwi, ya kweli, aionje. Basi nimetia mahindi ya zambarau, viazi vyetu vyeusi na majani ya kunukia. Wao kule wanatia mkia wa joka. Mimi nimetia wa ng'ombe, maana sokoni kwetu joka hawauzi."

Teobaldo alionja kijiko kimoja, akakaa chini bila kukaribishwa. Ilimpitia kooni, ikamfika kifuani, na kwa muda mfupi alisahau kwamba yeye ni kaimu. Halafu akaikumbuka kazi, akatoa kalamu.

"Nani aliyekurithisha?"

"Mjukuu wangu."

Akaandika: *Hurithishwa baina ya vizazi.* Hakuona haja ya kutaja kutoka kipi kwenda kipi.

"Naomba msaada wako, Daktari," alisema Doña Saturnina. "Mwambie Ceferino anipitishe Jumapili mara moja tu. Nataka mtoto aile ikiwa ya moto. Kwenye gemu ikipoa, zimwi linaimwaga mtoni, unaanza upya. Na mimi nimeshachoka kumwona mtoto kwenye kioo."

"Mama, haiwezekani. Kwanza, daraja halijafunguliwa. Pili, tangu nilipoonja, hii si supu yako tena. Ni urithi. Haitoki jikoni bila kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Mkuu wa idara."

"Si wewe?"

"Mimi ni kaimu. Kaimu hatoi vibali. Kaimu anaruhusiwa kukataa tu."

Doña Saturnina aligeuka. Alitazama dirishani. Pale darajani Don Fulgencio alikuwa akipigwa picha, kama ilivyo desturi yake, amesimama katikati, skafu nyekundu ya umeya imepita kifuani, mikono miwili juu ya tumbo. Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akatazama televisheni. Kisha akamvutia mgeni kigoda kingine, aweke karatasi zake.

"Daktari, mila yote ya supu hii mtaiandika?"

"Neno kwa neno. Mkate wetu ulinyimwa urithi kwa sababu wasajili walikuta mila inafanywa nusunusu. Safari hii hatupunguzi hata punje."

"Na mliyoandika mtayafuata?"

"Itakuwa sheria, mama!"

"Basi kaa vizuri," alisema, kwa upole uliompendeza sana Teobaldo. "Kuna daraja. Katikati limekaa zimwi. Halipitishi mtu."

"Linafanya kazi gani hapo?"

"Hakuna. Limekaa tu."

"Kwa amri ya nani?"

"Yake."

Teobaldo alielewa mara moja kwamba hapo palikuwa na cheo. Akaandika: *Mlinzi Mkuu wa Kivuko.*

"Linataka nini?"

"Kushiba. Unalipelekea sahani ya kwanza ikiwa ya moto. Likishiba, linateuka, mbweu kubwa kabisa. Likiteuka tu, watu wote wanapita, na daraja halifungwi tena."

*Mlinzi Mkuu atoapo ishara ya kuridhika, umma huvuka kwa shangwe, na kivuko hubaki wazi daima.*

"Ishara yenyewe inasikika?"

"Mpaka ng'ambo. Na mwisho linateremka mtoni, linaosha sufuria."

Kalamu ikasita. "Lenyewe?"

"Gemu ya watoto hiyo, Daktari. Wanafundishwa adabu."

*Mlinzi Mkuu,* aliandika Teobaldo, *huhitimisha kwa kushiriki binafsi katika usafi wa vyombo.* Aliona ni mila yenye mafunzo mema. Kutoka kwenye televisheni kilisikika kicheko cha mtoto, ambacho hakukiandika.

Kikao cha baraza kilikuwa kifupi kwa sababu kilikaribiana na chakula cha mchana. Mjumbe mmoja, aliyekuwa mtaalamu wa historia kwa kuwa na shamba karibu na magofu, alithibitisha kwamba zambarau ni rangi ya kale kuliko zote. Doña Zoraida, mjumbe wa maji na maua, aliuliza huyo Mlinzi Mkuu wa Kivuko siku hizi ni nani. Watu wakatazamana. Don Fulgencio akanyoosha skafu yake.

"Hapa Yanapata nani anakilinda kivuko usiku na mchana mpaka waziri aje?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Basi sahani ya kwanza ni ya nani?"

"Yako, Mheshimiwa."

Aliisaini sheria hapohapo. Alitaka kusoma, lakini kuku alikuwa ameshawekwa mezani. Kifungu cha mwisho, kilichotungwa na Teobaldo kwa fahari kubwa ili kuikomoa Pucaloma, kilisema kwamba mila zote za supu zitatekelezwa kikamilifu, na hakuna amri ya meya wala waziri itakayozizuia.

Jumapili ikafika. Yanapata nzima ilijaa upande huu wa daraja, na ng'ambo wakajaa wa ng'ambo, pande zote mbili nyuma ya utepe. Bendi ilipiga. Fataki zilipasuka mchana kweupe, ambapo hazionekani ila zinagharimu sawasawa. Sufuria lilikuwa katikati ya daraja, juu ya jiko la mkaa, na Doña Saturnina amelisimamia kwa aproni safi. Ng'ambo kabisa, mbele ya wote, mtoto wa kike mwenye taji la karatasi alikuwa akirukaruka apate kuona.

Don Fulgencio aliketi katikati kabisa ya daraja, skafu nyekundu kifuani, mikono juu ya tumbo.

Hapo ndipo watoto walipoanza. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha pande zote mbili za mto: "Zimwi! Zimwi! Zimwi!"

"Wanasemaje?" meya alinong'ona.

Teobaldo alikuwa ndiyo kwanza ameona mkoba wa mtoto mmoja. Ulikuwa na picha ya zimwi limeketi darajani, kitambaa chekundu kimepita kifuani, mikono juu ya tumbo.

"Wanakutaja kwa cheo chako, Mheshimiwa," alisema. "Kwa lugha ya mila."

Meya akawapungia mkono. Watoto nusura wazimie kwa raha.

Sahani ya kwanza aliila kwa ajili ya kamera. Ya pili aliila kwa ajili yake. Katika ya tatu macho yake yalilainika, akamtazama Teobaldo kama mtu anayemwona mwanawe, akavuta kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Kuanzia sasa hivi, Daktari Ninahuanca si kaimu tena! Ni Mkuu kamili!" Makofi yakapigwa. Kisha, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, Don Fulgencio Baquerizo akateuka.

Iligonga korongo upande huu, ikagonga upande ule, ikarudi. Hata bendi ilinyamaza.

Ceferino alikuja kusema baadaye kwamba hakuona utepe ukikatwa. Ulikuwepo, kisha palikuwa na watoto. Waliingia darajani kutoka pande mbili, na nyuma yao mama zao wakiwaita warudi huku wenyewe wakizidi kusonga mbele, na nyuma ya mama zao wazee, mbwa, na mtu mmoja na kondoo wake aliyekuwa amepanga kuzunguka mlimani.

"Simameni!" meya alinguruma. "Waziri hajaja! Ceferino, zuia!"

Ceferino alimtazama Teobaldo, maana ndiye aliyeshika karatasi. Teobaldo aliitazama karatasi. Angeweza kusema kuna kosa la uchapaji. Maisha yake yote kazini alikuwa amesema kuna kosa la uchapaji. Lakini Doña Saturnina alikuwa mbele yake, sufuria mikononi, mvuke umemfunika uso.

"Daktari," alisema. "Ulisema mkuu wa idara anatoa vibali."

Teobaldo aliikunja karatasi. Kibali hakuwahi kukitoa hata kimoja, na sasa aligundua kwamba alikuwa na hamu nacho.

"Pita, mama," alisema. "Pita kabla haijapoa."

Naye akapita. Watu walimpisha, si kwa sababu ya sheria ila kwa sababu sufuria lilikuwa la moto. Maricielo alimkimbilia, taji likamdondoka, na bibi hakuweza kumkumbatia kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, basi mtoto akamkumbatia kiunoni. Walikaa palepale chini, barabarani. Mtoto alipuliza kijiko, hakungoja, akakitia mdomoni.

"Aah! Inaunguza, bibi!"

Doña Saturnina akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akasema ndiyo, inaunguza, asante Mungu inaunguza.

Nyuma yao Don Fulgencio alikuwa amemshika Teobaldo tai. "Ifute sheria hiyo! Leo hii!"

"Inafutika, Mheshimiwa. Lakini tukiifuta, Pucaloma wanaisajili supu kesho asubuhi. Wamesimama pale na fomu."

Ni kweli, walikuwa pale, wawili, wamevaa vizuri, wanalamba vidole. Meya aliwatazama kwa muda mrefu. Akaiachia tai.

"Basi nimemaliza," alisema. "Naenda nyumbani."

"Bado Kifungu cha Saba, Mheshimiwa."

Akakisoma. Alisoma mara mbili, akitafuta mlango wa kutokea, na hakukuwa na mlango, kwa sababu Teobaldo aliandika vizuri.

Alasiri, upepo usiokuwa wa Yanapata ulipoanza kuvuma, watu walikuwa wamejazana ukingoni mwa daraja, wa huku wakiwa ng'ambo na wa ng'ambo wakiwa huku, wakitazama chini mtoni. Don Fulgencio alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, mikono ya shati imekunjwa, skafu ameitupia mgongoni isilowe. Aliosha ndani, akasuuza, akaliinua sufuria juu walione, kama kombe.

"Na nyuma pia, Mheshimiwa," alisema Doña Saturnina kutoka juu, mjukuu kamwegemea. "Nyuma kuna masizi."