Lyndell Atasimama Katikati

Jumatatu, 3 Aprili 1972

Mwanangu atakuwa nyota. Naandika leo ili mtu asije akasema sikujua. Bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Los Angeles anakuja kusikiliza bendi yao, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa dansi. Bendi inaitwa Wapanda Farasi wa Oildale, mji wetu huu wa mafuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda farasi, lakini jina ni zuri.

Hoyt, mume wangu, mtu wa maneno matatu kwa siku, ametumia manne: wakishindwa, Lyndell ataingia visimani. Kuchimba mafuta! Mikono ile!

Tatizo ni moja tu. Anayesimama katikati ya jukwaa ni Donna Fay Tackett. Yeye ndiye mwimbaji. Lyndell wangu yuko pembeni na gitaa lake, anaimba sauti ya pili, chini ya sauti ya yule msichana. Chini! Mtoto mzuri vile!

Jioni walifanya mazoezi gerejini, mimi naanua shuka. Upepo ulileta harufu ya maua ya michungwa. Ndugu Orval, mzee wa bendi, akaanza lile gitaa lake la kulaza, analolitelezeshea kipande cha chuma mpaka linalia kama mtu aliyekumbuka kwao. Nikasimama. Nikamwona Lyndell katikati, koti jeupe, taa zinamwagika mabegani. Nilipozinduka, mbwa alikuwa anakimbia na foronya.

Jumatano, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Oleta, mama yake Donna Fay, na mkate wa mahindi wa moto. Oleta ni mlokole wa kulala na Biblia chini ya mto. Kwa upole, katikati ya mazungumzo ya kuku, nikadokeza kwamba wimbo mkubwa wa watoto wetu unahusu wiski.

"Wiski, Dada Arvella?"

"Chupa nzima, Dada Oleta. Na kwenye kiitikio wanaifungua nyingine."

Akashika kifua. Kabla mkate haujapoa, Donna Fay alikuwa si mwimbaji tena. Nimerudi nyumbani bila kuhisi barabara chini ya viatu.

Alhamisi, 6 Aprili

Balaa! Oleta hakuishia kwa binti yake. Amemwambia na Ndugu Orval, wa kanisa lao. Maskini, miaka yote anapiga gitaa lile lile Jumamosi ukumbini na Jumapili kanisani, na hajawahi kusikiliza maneno ya wimbo hata mmoja. Sasa ameyasikiliza. Katoka!

Bendi imebaki Lyndell na Rusty mpiga ngoma, mwenye nywele za kufika kiunoni, anayekula maharage yangu bila kusema asante. Bila lile gitaa wanasikika kama watu wanaohamisha vyombo.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimepata! Wiski nimeitoa kwenye wimbo. Sasa yule mwanamume aliyeachwa na mpenzi wake anakaa peke yake gizani na kunywa mtindi. Kwani mtindi hautulizi? Ndugu Orval alisoma, akatoa leso. Akasema alipofiwa na mkewe, mtindi na mkate wa mahindi ndivyo vilivyomweka hai. Amerudi!

Rusty naye alisoma. Akalala sakafuni gerejini kwa kicheko. "Bi Arvella," akasema, "mimi ng'ombe simpigii ngoma." Akapakia ngoma zake, akaenda. Na aende. Maharage yatatosha.

 Lyndell nilimkuta amekaa ngazini, anaimba peke yake ile sauti ya pili, polepole, kama mtu anayetembea na kumwachia mwenzake nafasi kando. Jua lilikuwa linatua nyuma ya pampu za mafuta, nazo zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka. Nikataka kulia. Halafu nikajiuliza, kwa nini asiimbe ya kwanza?

Jumatatu, 10 Aprili

Tumepata mpiga ngoma mwingine. Dewitt, wa bendi ya shule. Kwake kila wimbo ni gwaride. Mwanamume wa mtindi sasa anaachwa kwa hatua za kijeshi. Nimefumua jina la Donna Fay mgongoni mwa koti lake, nikatarizi Dewitt. Kifuani limemlegea. Nimejaza soksi.

Halafu simu. Oleta! Amesikia wimbo umeokoka, kwa hiyo Donna Fay anaweza kurudi! Nikamwambia jamani, dada yangu, nafasi zimejaa, hata koti hakuna.  Kisha akasema, kwa sauti ya asali, basi watakaa mbele kabisa wamshangilie Lyndell. Namjua mimi huyo.

Jumapili, 16 Aprili

Jana. Sijui nianzie wapi.

Lyndell katikati, kama nilivyomwona siku zote, waridi nililotarizi kifuani linameta. Bwana wa Los Angeles kaegemea nguzo, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ndugu Orval akaanzisha. Lyndell akafungua mdomo.

Sauti ya pili! Ndiyo aliyokuwa nayo. Ubeti mzima aliimba ile ya chini, juu kumebaki wazi kama nyumba isiyo na paa. Watu wakatazamana. Nikamwashiria kwa kidole: juu, juu! Akatazama dari.

Ndipo Donna Fay, pale pale alipoketi, akaimba ile ya juu. Hata hakuinuka. Nilikohoa. Nilikohoa kwa moyo wangu wote. Wapi! Sauti mbili zikashikana, Dewitt akasahau gwaride, waliokuwa wanacheza wakasimama wameshikana mikono. Na mimi, Mungu ananiona, niliona nyumba ya baba kule Oklahoma kabla vumbi la ule ukame halijaimeza, mlango uko wazi, mtu yuko ndani anapika.

Bwana yule kawachukua wawili. Ati waimbaji wa mbele anao tele, lakini kijana anayejua kukaa chini ya sauti ya mwenzake bila kuisukuma, huyo hajampata. Nikamwambia bwana, umekosea. Nikaanza kumweleza Lyndell alivyoimba peke yake kanisani hata hajaota meno yote. Lyndell akanishika mkono.

"Mama, mimi hapo ndipo ninapopapenda. Siku zote."

"Mwache, Arvella," akasema Hoyt.

Jumatatu, 17 Aprili

Leo ndiyo siku ambayo angeingia visimani. Badala yake ameondoka na gitaa lake, anacheka dirishani mwa gari, Donna Fay kando yake. Oleta nikamkumbatia, tukalia wote wawili, nikampa pai. Nyumba imenyamaza. Pazia linapumua peke yake.

Nimekaa nafikiri. Los Angeles kuna moshi mwingi. Donna Fay ana koo jembamba, nimeliona. Mtu akipiga simu kwa yule bwana, akasema anatoka kwa daktari, akamshauri binti apumzike kidogo, mwezi mmoja hivi, nani atasogea katikati?

Namba ninayo. Nimejaribu ile sauti ya kidaktari mbele ya kioo. Hoyt, jikoni, akauliza tumepata mgeni gani.

Kumbe nina kipaji! Na Lyndell mlidhani alikirithi kwa nani?