Lulu za Bibi Kinywani mwa Bwana Lenzi

Hakuna kito feki kilichowahi kumpita Bwana Lenzi, fundi saa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, mimi msinitafute!

Ujuzi huo aliupata siku aliyonunua lenzi ya mtumba. Basi tena! Akiona pete ya mtu, anaking'ang'ania kidole, anaipulizia pumzi, anakodoa. "Ukungu hauondoki. Kioo hiki!" Akikuta hereni ya kizamani, anaigeuza nyuma: "Gundi tupu, mama. Umepigwa!" Majirani wakaanza kumsalimia mikono ikiwa mifukoni.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa bibi wa mchumba wake, alivaa suti, lenzi ikining'inia shingoni kama nishani. Bibi ndiye aliyemlea binti. Akisema hapana, ndoa hakuna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Si angekaa tu! Lakini macho yalishatua kwenye kidani cha lulu alichovaa bibi.

"Bibi, hizo lulu umewahi kuzipima?"

"Alinivisha marehemu babu yenu siku ya harusi. Nizipime ya nini?"

Mchumba akamkanyaga chini ya meza. Bwana Lenzi akausogeza mguu, akaendelea.

"Lulu haitaki lenzi, bibi, inataka jino. Ya kweli ukiisugua kwenye jino inakwaruza kama mchanga. Ya bandia inateleza."

Bibi akavua kidani, akampa. Mtaalamu akasugua kwenye jino la mbele. Kimya. Akasugua tena.

"Pole sana, bibi. Zinateleza hizi. Babu alikupiga changa la macho."

Lo! Bibi akanywea palepale kwenye kochi, kama aliyefiwa upya. Mchumba machozi yakamlengalenga kwa hasira. Bwana Lenzi alitamani ajifiche chini ya zulia. Mdomo huu jamani! Nani aliuuliza?

"Lete hapa," bibi akasema.

Kinywani alikuwa na meno mawili tu, lakini yote ya kwake. Akasugua lulu. Krrr! Sebule nzima ilisikia. Akampa mjukuu naye ajaribu. Krrr!

Wote wawili wakageuka, wakamtazama mgeni mdomoni.

"Baba," bibi akauliza taratibu, "hilo jino la mbele ni la nani?"

Bwana Lenzi akafumba mdomo, lakini wapi!

"La... la daktari, bibi. Langu lilivunjika nikifungua soda."

"Na mimi hukuniambia!" mchumba akamaka.

"Ningeanzia wapi? Mtaa mzima nauambia vyao feki, halafu nacheka na jino la kununua!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Akavaa kidani chake, akakipapasa, akamgeukia mjukuu.

"Mchukue tu, mwanangu, nimemkubali. Ila kabla ya harusi mkague vizuri, tusije tukavisha pete kidole cha dukani."