Riwaya Mbili za Kumtuliza Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mwanafalsafa. Haikunichukua hata kutwa. Nimenunua riwaya nzito kwa muuza vitabu chakavu. Ndani yumo mzee anayeishi peke yake mlimani, anahoji kila kitu. Nimesoma jalada la nyuma na kurasa za mwanzo. Mwenye akili kama zangu hahitaji zaidi. Mzee anasema huzuni ni kamba tunayojifunga wenyewe. Dawa kamili ya shemeji! Tangu tumzike dada yangu, mkewe, karakana yake ya useremala haijatoa hata kigoda. Nimempelekea. Nimemwambia nimeisoma mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Dawa imezidi kipimo. Shemeji kaisoma yote! Kumbe huko mbele mzee anasema mtu huru hajifungi na mahali. Sasa randa na misumeno imepangwa nje, inauzwa. Anahama!

Nimemkimbilia mwalimu mstaafu, mteja wangu, kipara kitupu lakini huja kunyolewa kwa ajili ya mazungumzo. Kanicheka. Eti kitabu husomwa kwa kubishana nacho, na kikikukolea upesi mno, mtafute mwandishi anayekipinga. Nikamjibu ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. Kaniazima riwaya ya mpinzani. Jalada la nyuma: mtu si mtu bila watu wake. Safi! Nimeifikisha mbio, hata aproni sijavua.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji amemaliza. Anasema mpinzani kamshinda mzee kwa hoja. Nikapiga makofi. Kisha akasema watu wake ni mama yake na ndugu zake, huko kwao. Anaondoka kesho. Vitabu viwili vinagombana, na vyote vinambebea sanduku!

Halafu akaniuliza: na wewe, shemeji, wewe mwenyewe, unasemaje? Achana na vitabu. Alikuwa amekishika kigoda alichomchongea dada. Nikamsomea jalada la nyuma, kwa sauti yangu ile ya kuhutubia harusini. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kufunga mizigo.

Jumapili, 9 Juni

Kaondoka. Kigoda kaniachia. Dada alikuwa akija nacho hapa kinyozini, akikikalia na kuniambia mbele ya wateja kwamba nanyoa kama ng'ombe anavyokula majani. Mke wangu kaniuliza kwa nini sikumwambia tu abaki, kwamba na mimi dada ananiuma. Mama watoto naye! Hiyo nayo ni hoja? Haimo hata jaladani.

Nimefagia duka, ingawa hapakuwa na nywele. Macho yanawasha. Ni poda.

Jumanne, 11 Juni

Nimeligundua kosa langu: vitabu viwili havitoshi! Nimenunua cha tatu, kinene kama tofali. Jalada linasema kinawapinga wote. Nitamtumia shemeji. Ndani nimeandika: rudi. Nikafuta. Nikaandika: nimekisoma mara tatu.